Kabla Hujanunua Chupa: Chakula na Virutubisho kwa Mtoto Mwenye Usonji na Kifafa

Kijana wangu ametimiza miaka 9. Alikuwa na miaka 3 tulipoambiwa ni usonji, na miaka 4 na nusu alipoanguka kifafa kwa mara ya kwanza. Tunaishi Manyatta, Kisumu, na tangu hapo haipiti wiki mbili bila mtu kuniambia kuna kitu natakiwa nimpe: unga wa mlonge, mafuta ya samaki, chupa ya vitamini kutoka Nairobi. Wengi hunishauri kwa upendo. Wengine wanauza.

Mwanzoni nilinunua karibu kila kitu. Mama mmoja alikuja kwenye chama chetu na mkoba wa chupa, akaniambia dawa za hospitali zinaziba ubongo na kwamba zake zitausafisha. Nikaanza kumpa mtoto chupa tatu kwa mpigo. Fenobabitoni, dawa yake ya kifafa ya usiku, nikaipunguza nusu, kisha nikaiacha. Usiku wa nne alianguka mara tatu mfululizo bila kuzinduka katikati. Nakumbuka tukiwa ndani ya tuktuk, kichwa chake mapajani mwangu, taa za Kondele zikipita, leso yangu imelowa mate yake. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mama, katika hizi tatu, ni ipi iliyomsaidia na ni ipi iliyomdhuru?" Sikuwa na jibu.

Nimeandika hatua hizi nikiwa na swali lile kichwani. Ni kwa mzazi ambaye mtoto wake ana usonji, au kifafa, au vyote viwili. Na vyote viwili hukutana mara nyingi. Watoto wenye usonji hupata kifafa zaidi kuliko watoto wengine, hasa katika miaka ya mwanzo na tena wakati wa kubalehe.

Hatua ya 1: Dawa ya kifafa isiguswe

Nimeitanguliza kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kumpoteza mtoto. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, fenobabitoni hasa, mishtuko hurudi kwa nguvu na kufuatana. Kama dawa inamlegeza, au inamfanya mkali na mtukutu kupindukia (fenobabitoni huwafanyia hivyo baadhi ya watoto), rudi kliniki ukaseme. Dawa zipo za kubadilishana, na daktari huzibadilisha polepole, moja ikipandishwa huku nyingine ikishushwa.

Kanisani kwetu mtoto huombewa kila Jumapili na mimi nayaamini maombi hayo. Mchungaji mwenyewe hunikumbusha saa ya dawa ikifika.

Siku ya kliniki, tia kwenye mfuko kila kitu anachomeza: chupa, unga, majani, hata kile ulichopewa na nyanya yake. Usione haya. Daktari asiyejua mtoto anakunywa nini hawezi kujua kwa nini dawa yake haifanyi kazi.

Hatua ya 2: Nunua daftari kabla ya kununua chupa

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kwa wiki nne usibadilishe chochote, andika tu. Amelala saa ngapi, ameamka mara ngapi. Amekula nini na amekataa nini. Amepata choo au hakupata. Dawa imemezwa saa ngapi. Na akianguka, andika saa, dakika, ni upande gani wa mwili ulioanza kucheza, na kama alikuwa na homa. Kama kuna mtu wa pili nyumbani, achukue video kwa simu. Daktari atajifunza mengi zaidi kwenye sekunde 30 za video kuliko kwenye maelezo yangu ya nusu saa.

Daftari la kijana wangu lilinishangaza. Nilikuwa nimeshawishika kwamba sukari ndiyo inayomwangusha. Nilipofungua kurasa za mwezi mzima nikaona kwamba karibu kila mara alianguka baada ya usiku wa usingizi mbovu, au siku ya homa ya malaria, au Jumatatu baada ya kutoka Siaya kwa dani, yaani nyanya yake, ambako dozi ya Jumamosi jioni ilikuwa ikisahaulika. Chakula kilikuwa hakihusiki kabisa na mambo hayo matatu.

Hatua ya 3: Omba vipimo

Usinunue madini ya chuma kwa kukisia. Omba apimwe wingi wa damu, minyoo na malaria, na kama uwezo upo, vitamini D na kalsiamu. Dawa za kifafa za fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini zikitumika kwa miaka hupunguza vitamini D mwilini na mifupa hudhoofika, kwa hivyo kipimo hicho si anasa kwa mtoto wa kifafa. Mtoto anayelamba udongo, ukuta au odowa (mawe laini yanayouzwa sokoni ya kutafuna) mara nyingi amepungukiwa madini ya chuma, na udongo wenyewe humwongezea minyoo. Upungufu huo humfanya pia ahangaike usiku, na usingizi ukiharibika, kifafa hupata mlango.

Kuna jambo moja la kwetu huku magharibi ambalo halizungumzwi vya kutosha: mnyoo tegu wa nguruwe. Busia na Homa Bay nguruwe wengi huzurura, na vyoo havipo kila boma. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva anaweza kupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huo hutoka na choo cha mtu, yakaingia kwenye maji, mikono na mboga. Anayeyameza, hata kama hajawahi kuonja nguruwe maishani, anaweza kupata vifuko vya mnyoo kwenye ubongo, na vifuko hivyo huleta kifafa. Kwa hivyo katika mambo yote ya chakula na kifafa, hili ndilo nililo na hakika nalo zaidi: choo, sabuni, mboga zilizooshwa kwa maji safi, na nyama ya nguruwe iliyopikwa mpaka isibaki wekundu.

Tena, shule za kando ya ziwa hugawiwa dawa za kichocho na minyoo. Mtoto mwenye kifafa kisichojulikana chanzo asimeze kabla hujawaambia wahudumu, kwa sababu kama ana vifuko hivyo kichwani, dawa ya kichocho inaweza kuchochea mishtuko. Dawa yenyewe ni nzuri. Wahudumu wakijua hali yake, wataamua apewe vipi na wapi.

Hatua ya 4: Jaza sahani kwanza

Watoto wengi wenye usonji huchagua chakula kwa rangi, harufu na jinsi kinavyokaa mdomoni. Kijana wangu alikuwa na vyakula vitano tu: ugali mweupe, wali, mkate, chapati na chai. Kuna watoto wa namna hii waliopata kiseyeye kwa kukosa matunda na mboga, na wengine macho yao yakaharibika kwa kukosa vitamini A. Hapo ndipo virutubisho vina kazi ya kweli: kuziba pengo lililopimwa. Lakini pengo nalo unaweza kuanza kuliziba kutoka soko la Kibuye.

Nilianza na ugali. Kwenye unga wa mahindi vikombe viwili nilitia kijiko kimoja cha chai cha unga wa wimbi. Kimoja tu. Aliumega, akaunusa, akaliinua tonge kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti, akalirudisha kwenye sahani. Nikanyamaza, sikumbembeleza wala kumkaripia. Siku ya tatu alilila. Wiki iliyofuata nikatia viwili. Baada ya miezi minne ugali wetu ulikuwa umegeuka kahawia, na wimbi una kalsiamu nyingi mno ukilinganisha na mahindi. Ukipika uji, uache uchachuke kwanza. Kuchachuka kunausaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka.

Halafu omena, wale dagaa wa ziwani. Wanunue wakavu, waoshe kwa maji moto mara tatu au nne mpaka mchanga uishe chini ya sufuria. Waloweke kidogo kwenye ndimu na tangawizi ili harufu ipungue, uwaanike juani, kisha uwakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wavunjike ukiwabana kwa vidole. Saga, chekecha, weka kwenye chombo kikavu. Usitoe vichwa wala mifupa, kwa maana kalsiamu iko huko. Nusu kijiko kwenye uji au kwenye mchuzi wa mboga, ukiongeza kidogo kidogo. Fedha niliyokuwa nikitoa kwa chupa moja ya mafuta ya samaki ilininunulia omena wa mwezi, na omega-3 imo humo humo.

Mengine nayapitia upesi. Yai kila siku ukipata. Maini mara moja kwa wiki. Osuga (mnavu), mrenda au dodo (mchicha), ukiweka mafuta kidogo ili vitamini A iingie mwilini. Parachichi lililopondwa kwa mtoto asiyetaka kutafuna. Na chai, jamani! Tunawapa watoto chai na kila mlo, na chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Mpe saa moja hivi baada ya chakula, na kwenye chakula mpe chungwa au papai, ambavyo husaidia chuma kuingia.

Angalia choo. Mtoto asiyeongea akivimbiwa hawezi kusema tumbo linamuuma. Atajipiga kichwa, atapiga mayowe, atakesha. Jirani yangu alinunua virutubisho vya kutuliza hasira kwa mtoto ambaye alikuwa hajaenda choo siku sita. Maji, papai, mboga za mrenda, na ikizidi, daktari.

Usifiche dawa ndani ya chakula anachokipenda. Akigundua, utapoteza dawa na chakula pamoja.

Hatua ya 5: Ikibidi chupa, iwe moja, kwa wiki nne, na daktari akijua

Vitamini B6 na magnesiamu ndiyo jozi utakayouziwa kwanza. Imetangazwa kwa usonji tangu miaka ya 1960, na majaribio yaliyofanywa hayakuleta ushahidi wa kutegemewa. Ukweli ulio nyuma yake ni huu: upo ugonjwa wa kurithi, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1954, ambapo mtoto huanguka tangu siku zake za kwanza duniani, dawa za kawaida hazimtulizi, na B6 humtuliza. Ni nadra, na jaribio lake hufanyiwa hospitalini. Kama mtoto wako alianza mishtuko akiwa mchanga na kila dawa imeshindwa, mwulize daktari kuhusu hilo. Kwa wengine, B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu: ganzi, miguu kuwaka moto. Mtoto wangu haongei. Angeniambiaje kwamba nyayo zinamuwaka? B6 nyingi pia hushusha kiwango cha fenobabitoni na fenitoini kwenye damu. Mtoto anayetumia dawa ya TB ya isoniazidi ni habari nyingine, kwa sababu dawa hiyo humaliza B6 mwilini na hospitali yenyewe humpa kwa kipimo.

Mafuta ya samaki: kwa usonji majaribio hayajaonyesha faida ya wazi. Chunga yale ya maini ya samaki, kwa sababu yana vitamini A, na ukiyachanganya na multivitamini yenye vitamini hiyo hiyo, vitamini A huzidi, ikadhuru ini na kuongeza shinikizo ndani ya kichwa.

Asidi ya foliki na asidi ya folini si kitu kimoja. Septemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inaelekea kuidhinisha lukovorini, ambayo ni asidi ya folini, kwa wenye upungufu wa foleti (vitamini B9) kwenye ubongo, ambao baadhi yao huwa na dalili za usonji, na kutoka hapo wapo wazazi walioanza kununua vidonge vya foliki vya kliniki ya wajawazito. Havifanyi kazi ile. Na kwa mtoto anayetumia fenitoini, foliki nyingi hupunguza nguvu ya dawa yake.

Vitamini D, zinki, chuma: kama kipimo kimeonyesha upungufu, mpe kwa dozi uliyoandikiwa. Kalsiamu na dawa za kiungulia zisimezwe pamoja na fenitoini. Ziache zipishane kwa saa mbili. Melatonini, kwa usingizi wa mtoto mwenye usonji, ina ushahidi mzuri kuliko vingi nilivyovitaja, lakini iandikwe na daktari. Balungi huongeza kabamazepini kwenye damu mpaka mtoto ayumbe. Unga wa makaa unaouzwa wa kusafisha tumbo hunyonya dawa ya kifafa ukatoka nayo.

Na hivi, tafadhali, visiingie nyumbani. Kafuri: ikimezwa huleta mishtuko hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuanguka, mafuta ya mkaratusi nayo vivyo hivyo. Maji ya klorini dioksidi yanayouzwa mtandaoni kama madini ya miujiza: ni kemikali ya kung'arishia nguo na karatasi, na Marekani imeshatoa onyo juu yake zaidi ya mara moja. Dawa za kutoa madini mazito mwilini: mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alikufa Marekani akitundikiwa moja ya dawa hizo, kalsiamu kwenye damu ikashuka hadi moyo ukasimama. Alikuwa na wazazi waliomtakia mema kama wewe na mimi.

Ukishika chupa yoyote, tafuta usajili wake wa Bodi ya Dawa na Sumu. Anayekuambia uache dawa ya hospitali ili yake ifanye kazi, mfungulie mlango atoke.

Hatua ya 6: Kuondoa ngano na maziwa

Wazo ni kwamba gluteni ya ngano na kaseini ya maziwa huwasumbua watoto wenye usonji. Ushahidi ni dhaifu. Huku kwetu, hata hivyo, kujaribu si gharama kubwa kama Ulaya: ugali wa mahindi, mtama, wimbi, wali, muhogo na viazi havina gluteni. Unaondoa chapati, mkate, mandazi na tambi. Hatari iko kwenye maziwa, kwa sababu ukiondoa chai ya maziwa na mala (maziwa lala) bila kuleta omena na wimbi, mifupa ambayo tayari inadhoofishwa na dawa itazidi kudhoofika.

Kama tumbo linamsumbua sana na unashuku ngano, apimwe kabla hujaiondoa. Kipimo cha seliaki, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na gluteni, huhitaji mtoto awe bado anakula ngano. Kisha ondoa kimoja, andika kwenye daftari, na mwombe mwalimu wake aandike pia bila kumwambia umeondoa nini. Sisi tulijaribu bila ngano miezi mitatu. Mimi niliona mabadiliko makubwa. Mwalimu hakuona lolote, na daftari lilikubaliana na mwalimu. Chapati zikarudi.

Hatua ya 7: Mlo wa keto ni matibabu, uanzie hospitalini

Huu ni wa kifafa, na una historia ndefu: Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza mwaka 1921. Mwili ukinyimwa wanga huchoma mafuta, ubongo ukaendeshwa na ketoni zinazotokana na mafuta hayo, na kwa wengine mishtuko hutulia. Karibu nusu ya watoto ambao dawa zimeshindwa hupata mishtuko yao ikipungua kwa nusu au zaidi. Hufikiriwa baada ya dawa mbili zilizotumika sawasawa kushindwa. Kwa usonji peke yake, ushahidi bado ni mdogo.

Mlo kamili huwa na gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya wanga na protini vikijumlishwa, kila kitu kikipimwa kwa mizani. Kuna aina nyepesi, Atkins iliyorekebishwa, ambayo huanza na wanga gramu 10 hadi 20 kwa siku nzima. Ndizi moja mbivu ina wanga wa gramu 25 hivi. Fikiria hapo ugali uko wapi.

Kabla ya kuanza lazima damu ipimwe, kwa kuwa wapo watoto wenye kasoro za kurithi ambao mafuta mengi yanaweza kuwaua. Baadaye huja hatari ya kutapika, sukari kushuka, mawe kwenye figo, kuvimbiwa na kudumaa. Dawa nyingi za maji zina sukari, kwa hivyo omba vidonge. Na akilazwa kwa malaria, sista ajue kabla ya kumtundikia dripu ya glukosi.

Niliketi na mtaalamu wa lishe tukapiga hesabu yote: mayai, parachichi, samaki mbuta, siagi. Kisha akaniuliza mtoto anakula vipi kati ya hivyo. Wakati huo, hakuna hata kimoja. Tukakubaliana tungoje, na daktari akabadilisha dawa. Kwa mtoto mwingine jibu lingekuwa tofauti, kwa hivyo uliza: hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret, au hospitali kuu ya kaunti yako ukiwa Nakuru au Kakamega.

Hatua ya 8: Wote wanaomlisha wajue

Mpango wangu ulikuwa ukivunjika kila tulipokwenda Siaya. Dani yake anampenda, na kupenda kwake ni kulisha. Sikubishana naye. Nilikaa naye jikoni, nikamsomea daftari ukurasa kwa ukurasa, yeye akinihesabia Jumatatu zile kwa vidole. Kisha akaniambia nimwandikie karatasi aibandike nyuma ya mlango. Bado iko pale:

Dawa saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, hata kama amelala, mwamshe.
Chai baada ya chakula, si pamoja nacho.
Kitu kipya chochote, nipigie kwanza.
Akianguka, mlaze ubavu, tazama saa, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.
Zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mwite jirani mwenye pikipiki kwanza, ndipo unipigie mimi.